Kutoka Kwata hadi Dawati: Historia ya Kumfundisha Polisi Utu

Raia akifia mikononi mwa polisi, au mwanamke aliyepigwa akirudishwa nyumbani na askari wa zamu akayamalize na mumewe, kauli ya wakubwa huwa ileile: askari watapewa mafunzo. Kauli hiyo ni ya zamani kuliko wengi wetu tunavyodhani, na kwa sababu hiyo inaweza kupimwa. Jeshi la Polisi la Tanganyika lilianzishwa mwaka 1919. Katika miaka zaidi ya mia moja tangu hapo askari wamefundishwa mengi, na mengi wameyashika barabara: kupiga saluti, kutunza silaha, kwenda gwaride, kuandika kitabu cha matukio, kutii amri bila kuuliza. Kwa nini basi somo la kumheshimu mwananchi liwe ndilo gumu kushikika? Jibu langu ni kwamba askari, sawa na mfanyakazi mwingine yeyote, hushika kile ambacho mahali pake pa kazi panamdai kila siku. Somo la utu likitolewa darasani na kuachwa hukohuko, hufifia upesi. Likifungamanishwa na chumba, fomu, msimamizi na sheria, hukaa. Historia ya Dawati la Jinsia na Watoto, yaani sehemu maalumu kituoni ya kuwasikiliza waathirika wa ukatili, ndiyo ushahidi mkubwa wa hoja hii, lakini ili tuielewe inabidi tuanze mbali, kwenye kwata.

Waingereza walipoingia walikuta nchi iliyokwisha kumjua askari kwa kiboko. Chini ya Wajerumani adhabu ya viboko 25 ilikuwa ya kawaida kiasi cha kupewa jina lake, hamsa ishirini, na mchapaji mara nyingi alikuwa askari mwenyewe, mbele ya watu. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, utawala mpya uliunda jeshi lake la polisi, makao makuu yakiwa Lushoto, kisha Dar es Salaam. Wengi wa walioajiriwa mwanzoni walikuwa wameshapitia jeshini, na walichaguliwa kwa makusudi. Mtawala alihitaji watu waliozoea amri, bunduki na safari ndefu za miguu, watu wa kupangwa popote pale bila kunung’unika. Uwezo wa kumsikiliza mlalamikaji haukuwa miongoni mwa sifa alizozitafuta.

Mfano uliofuatwa haukutoka London. Polisi wa jiji hilo, walioundwa na Robert Peel mwaka 1829, walitembea mitaani bila bunduki, na kazi yao ilitegemea sana kukubaliwa na wakazi. Kwa makoloni yake Uingereza ilichukua mfano wa Ireland, ambako polisi walikaa kambini, walishika silaha, walisimamiwa na serikali kuu, na hawakupangwa katika wilaya walizozaliwa wasije wakawaonea huruma watu wa kwao. Kuanzia mwaka 1907 maofisa waliokuwa wakienda kuongoza polisi wa makoloni walipelekwa kwanza Dublin, kwenye chuo cha polisi hao wa Ireland, wakajifunze kazi. Kwa hiyo kabla ofisa hajaiona Tanga au Mombasa, alikuwa ameshafundishwa kuwaona watu atakaowalinda kama watu wa kudhibitiwa. Mfumo wa namna hiyo unaweza kuzaa ukatili hata pale ambapo kila ofisa ni mtu mwema nyumbani kwake, kwa sababu ukatili haupimwi kama kosa la kazi. Kosa la kazi ni kifungo kilichokatika, buti lisilong’aa, amri iliyocheleweshwa.

Kuruti walifundishwa kwa Kiswahili, lugha ya amri kuanzia kwenye kwata hadi kwenye lindo. Kenya walipelekwa Kiganjo, karibu na Nyeri, kuanzia mwaka 1948. Tanganyika, shule ya polisi ikaja kuwa Moshi, ambako vizazi vya askari wa Tanzania vimepita hadi leo. Waliotoka huko walikwenda kufanya kazi ambazo ziliwafundisha tena, kwa nguvu kuliko mwalimu yeyote. Dar es Salaam, kazi mojawapo ilikuwa kuwakamata vijana wasio na ajira, waliohesabiwa kuwa wahuni, na kuwarudisha vijijini kwao. Askari aliyeshinda siku nzima akidai karatasi kwa watu ambao hawakumdhuru mtu yeyote alijifunza jambo moja kubwa: kwamba maskini anayetembea mjini ni mshtakiwa mpaka ajieleze. Hakuna somo la darasani lililoandikwa hivyo, lakini lilifundishwa kila asubuhi mtaani.

Uhuru ulileta viongozi wapya. Elangwa Shaidi akawa Mtanganyika wa kwanza kuliongoza jeshi hilo, maofisa wa Kiingereza wakaondoka, na elimu ya siasa ikaingia kambini. Mwaka 1971 chama tawala, TANU, kilitoa Mwongozo wake, ambao ndani yake kuna katazo la wazi dhidi ya kiburi, dharau na uonevu wa viongozi kwa wananchi. Hapa ndipo penye chimbuko la kweli la fikra ya kumfundisha polisi utu katika nchi yetu. Ilikuwa fikra ya kizalendo, iliyotokana na harakati za ukombozi, na haikungoja semina ya mfadhili. Hata hivyo muundo wa kazi ulibaki uleule. Mwaka 1983, miongo miwili baada ya Uhuru, polisi walikuwa tena mitaani wakikusanya watu wasio na kazi katika operesheni ya Nguvu Kazi, wakidai vitambulisho kama walivyokuwa wakidai watangulizi wao. Mwongozo ulisema jambo moja, zamu ya siku ikasema jingine, na zamu ndiyo iliyosikilizwa.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuwa umeshakuja mwaka 1976. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga vikongwe walikuwa wakiuawa kwa tuhuma za uchawi, na serikali ikaanzisha operesheni ya kuwasaka wauaji. Lengo lilikuwa jema kabisa. Lakini watuhumiwa waliokamatwa waliteswa ili wakiri, na baadhi yao wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu ingawa mwenyewe hakushiriki mateso hayo. Peter Siyovelwa, waziri aliyesimamia usalama, naye akajiuzulu, na baadhi ya maofisa wakafikishwa mahakamani. Taifa lilipata funzo kubwa la uwajibikaji ambalo hutajwa hadi leo kila kiongozi anapong’ang’ania kiti. Funzo lile, hata hivyo, lilikaa juu. Chumba cha mahojiano kilibaki bila shahidi wa nje, na mpelelezi aliendelea kusifiwa kwa idadi ya waliokiri. Waziri mwadilifu anaweza kubeba lawama ya konstebo, lakini hawezi kukaa naye usiku wa manane anapomhoji mtu aliyefungwa pingu.

Miaka ya 1980 sheria zilijaribu kukifikia chumba hicho. Mwaka 1984 Haki za Binadamu ziliingizwa katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano, na Ibara ya 13 ikapiga marufuku mateso na adhabu za kumdhalilisha mtu. Mwaka uliofuata Bunge lilitunga Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, na kifungu chake cha 55 kikaagiza kwamba mtu aliye chini ya ulinzi atendewe kiutu na kwa kuheshimiwa. Ninakitaja kifungu hiki kwa msisitizo kwa sababu wengi huzungumza kana kwamba heshima kwa mtuhumiwa ni hisani ya askari mpole. Ni amri ya Bunge la Tanzania, la chama kimoja wakati huo, iliyotolewa mwaka 1985. Kilichokosekana ni mikono ya kuitekeleza. Sheria haikusema kituo kijengwe vipi, nani asikilize nini, wala askari aliyeivunja apimweje anapoombewa cheo.

Tazama hali ilivyokuwa kwenye kaunta ya kituo cha kawaida, na ilivyo bado mahali pengi. Meza ni moja ndefu, na mbele yake wanasimama watu watano au sita kwa pamoja: aliyeibiwa simu, aliyegongwa na pikipiki, anayemtafuta ndugu yake aliyeko mahabusu. Katikati yao yumo msichana aliyebakwa. Askari anamuuliza shida yake kwa sauti ya kusikika, na yeye lazima ajibu kwa sauti ya kusikika. Akimaliza anapewa RB, yaani namba ya taarifa yake kituoni, na, kama ana jeraha, PF3, ile fomu ya polisi ambayo hospitali imezoea kuidai kabla ya kumhudumia mtu aliyeshambuliwa. Bila fomu hiyo matibabu hucheleweshwa. Akienda kuoga kwanza, ushahidi unapotea. Akienda hospitali kwanza, huenda akarudishwa kituoni. Njia nzima, kutoka kaunta hadi kitanda cha daktari, ilipangwa kwa ajili ya jalada, na mwenye maumivu akaachwa aifuate kwa miguu yake. Mweke kwenye kaunta hiyo askari mwenye huruma kuliko wote, naye baada ya mwaka mmoja atakuwa akiuliza maswali yaleyale kwa sauti ileile, kwa maana foleni haimruhusu kufanya vinginevyo.

Waliolisukuma jambo hili hadi likasogea walikuwa wanawake wa Tanzania wenyewe. Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilikusanya habari za ukatili, kikazichapisha, na kikashinikiza sheria ibadilishwe. Mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, ambayo iliongeza adhabu za ubakaji, ikafanya ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai, na kuruhusu mahakama imtie mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto au mwathirika peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ilisisitiza kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa aliyebakwa. Athari ya maneno hayo kwa kazi ya polisi ilikuwa kubwa. Ikiwa shahidi mkuu ni yeye, basi maelezo anayoyatoa kituoni siku ya kwanza ndiyo mhimili wa kesi nzima. Mtoto aliyeogopeshwa hueleza nusu; mwanamke aliyeaibishwa huruka yale magumu; na mbele ya hakimu, wakili wa utetezi huweka maelezo ya kituoni kando ya ushahidi wa kizimbani na kuonyesha kila tofauti. Kuanzia hapo ustadi wa kumsikiliza mtu aliyeumizwa ukawa sehemu ya upelelezi, sawa na kuchukua alama za vidole.

Mwaka huohuo wa 2006 ulianza kwa aibu. Mwezi Januari wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wa teksi waliuawa na polisi Dar es Salaam, ikatangazwa kwamba walikuwa majambazi, na tume iliyoongozwa na Jaji Kipenka ikabaini kwamba hawakuwa hivyo. Miezi michache baadaye Said Mwema akawa Inspekta Jenerali wa Polisi. Alikuja na mpango wa maboresho, akasambaza Polisi Jamii, akaeneza kaulimbiu ya utii wa sheria bila shuruti. Mengi kati ya hayo yalikuwa ya kuhamasisha zaidi kuliko ya kubadili kazi yenyewe. Lakini moja lilikuwa la aina nyingine. Mwaka 2007 askari wa kike waliunda mtandao wao, TPFNet, na kuanzia mwaka 2008 madawati ya jinsia yakaanza kufunguliwa vituoni, yakisukumwa kwa sehemu kubwa na mtandao huo. Wazo lilitoka kwa watu walioijua kaunta kwa ndani, na hilo lilionekana katika namna lilivyopangwa.

Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011, uliipa kazi hiyo uzito mpya. Ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu katika kila kumi, na karibu mvulana mmoja katika kila saba, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu nusu ya wasichana hao hawakuwa wamemwambia mtu yeyote, na waliopata huduma walikuwa wachache mno. Serikali ya Tanzania haikuyaficha matokeo hayo. Iliyatangaza na kuahidi hatua, jambo linalostahili kusifiwa. Mwaka 2012 polisi walikuwa na mwongozo wa taratibu za dawati: chumba cha pembeni chenye faragha, askari waliofunzwa kuhoji watoto na waathirika, mavazi ya kiraia inapowezekana, fomu ya PF3 kutolewa hapohapo, mwathirika kutokutanishwa na mtuhumiwa, na njia ya wazi ya kumfikisha kwa daktari na ofisa ustawi wa jamii. Zanzibar ilikwenda hatua zaidi. Hospitali ya Mnazi Mmoja ilifungua mwaka 2011 kituo cha mkono kwa mkono, ambapo daktari, polisi na mshauri nasaha wanapatikana chini ya paa moja, na Bara ikafuata mfano huo. Miaka kumi tangu dawati la kwanza, madawati yalikuwa zaidi ya 400 nchi nzima.

Hapa ndipo tofauti na majaribio ya zamani inapoonekana. Mwongozo wa 1971 ulimwambia askari asidharau. Kifungu cha 55 kilimwamuru aheshimu. Dawati lilimpa mlango wa kufunga, kiti cha mlalamikaji, rejesta ya kujaza, na mkuu anayeuliza kesi imefikia wapi. Askari yuleyule aliyefundishwa Moshi, ambaye kwenye kaunta angepaza sauti, ndani ya chumba kile hushusha sauti, kwa kuwa kila kitu kilichomo humo kinamtaka ashushe. Kozi fupi ikipata mahali pa kuishi, hugeuka kuwa desturi ya kazi. Na desturi ya kazi ndiyo inayomfundisha askari mgeni anayeripoti kituoni kwa mara ya kwanza.

Mafanikio hayo yana mipaka, na mipaka yenyewe inathibitisha hoja. Dawati huyumba pale nguzo zake zinapoondolewa moja moja. Askari aliyefunzwa akihamishwa kwenda usalama barabarani, nafasi yake ikachukuliwa na asiyefunzwa, ujuzi huondoka naye. Chumba kikikosekana, dawati hubaki kibao ukutani. Gari lisipokuwepo, mtuhumiwa hakamatwi, na familia hukaa chini zikamaliza shauri la mtoto kwa fedha au ng’ombe. La kusikitisha zaidi ni kwamba nje ya chumba kile jeshi liliendelea na mazoea yake. Septemba 2012, mwaka uleule wa mwongozo wa dawati, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa kijijini Nyololo, Mufindi, akiwa amezungukwa na askari waliokuwa wakitawanya mkutano wa kisiasa. Askari mmoja alihukumiwa kifungo mwaka 2016. Mazoea hayo yalitangulia dawati: Januari 2001 watu zaidi ya 20 waliuawa Pemba na Unguja katika maandamano ya kisiasa, na Tume ya Hashim Mbita ikaundwa kuchunguza. Askari wa kutuliza ghasia hawakuwa na chumba chao cha kuwafundisha upole. Walikuwa na ngao, virungu, silaha na amri.

Majirani zetu Wakenya wametupa jaribio la upande wa pili. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, Tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133, na kati ya hivyo 405 vilitokana na risasi. Kikosi kazi cha Jaji Ransley kikapendekeza mwaka 2009 marekebisho makubwa, yakiwemo mafunzo marefu zaidi na mtaala mpya. Katiba ya 2010 ilikwenda mbali kuliko nyingi duniani: Ibara ya 244 inaitaka Huduma ya Taifa ya Polisi iwafunze watumishi wake kuheshimu haki za binadamu na utu wa mtu. Mafunzo ya utu yakawa sharti la kikatiba. Mwaka 2011 ikaundwa kwa sheria mamlaka huru ya kiraia ya kusimamia polisi, IPOA. Na bado, Juni 2024, vijana walipoandamana kupinga Muswada wa Fedha, makumi waliuawa. Mwenye kukata tamaa atasema basi mafunzo ni bure. Mimi naona jambo jingine. Mahali ambapo Kenya iliunganisha somo na uchunguzi huru na mahakama, kama katika mauaji ya wakili Willie Kimani ya mwaka 2016, askari waliohusika walitiwa hatiani mwaka 2022. Mahali ambapo somo lilibaki Kiganjo na amri ikatoka kwingine, amri ilishinda. Sharti la Katiba lina nguvu kadiri lilivyofika mikononi mwa anayepanga operesheni.

Wapo wanaopinga jambo zima kwa hoja nzito zinazostahili kujibiwa. Hoja ya kwanza ni kwamba mambo haya ni ya wafadhili, hayana mizizi kwetu. Ni kweli kwamba mashirika ya Umoja wa Mataifa yamechangia fedha na vifaa vya madawati. Lakini katazo la uonevu la 1971, kujiuzulu kwa 1977, kifungu cha 55 cha 1985 na kampeni ya TAMWA ni kazi za Watanzania, na nyingi zilitangulia fedha hizo kwa miaka mingi. Anayetafuta kitu cha kigeni katika polisi wetu atakipata kwenye mfumo wa kambi ulioletwa kutoka Ireland. Desturi ya kumkaribisha mwenye shida, kumpa kiti na kumsikiliza kabla ya kumhoji, ilikuwepo katika mabaraza yetu kabla ya askari wa kwanza wa mkoloni kuvaa buti.

Hoja ya pili ni ya usalama. Jambazi mwenye bunduki, wanasema, hataki adabu, na askari anayefikiria utu atauawa. Hakuna mwenye akili anayemtaka askari ajadiliane na mtu anayempiga risasi. Sheria inamruhusu kujilinda na kulinda wengine. Lakini sehemu kubwa ya kazi ya polisi haina risasi. Ni kusikiliza, kuandika, kuhoji, kukamata mtu asiyepinga, kulinda mahabusu. Na katika kazi hiyo ukali hugharimu usalama wenyewe. Mtoto ambaye hakumwambia mtu yeyote amemwacha mbakaji wake huru kuendelea na wengine. Ungamo lililopatikana kwa kipigo hukataliwa mahakamani, na mhalifu wa kweli, kama yupo, hutoka. Kijiji kinachomwogopa polisi hakimpi habari. Mwaka 1976 mateso ya Mwanza na Shinyanga hayakuwaokoa vikongwe. Mauaji ya namna hiyo yaliendelea kwa miongo kadhaa baadaye. Ukatili ulijaribiwa kwa ukamilifu na haukutimiza hata lengo lake wenyewe.

Hoja ya tatu hutolewa na askari wenyewe, nayo ndiyo inayonigusa zaidi: mnatudai utu ninyi ambao hamjatutendea kiutu. Nyumba za polisi katika miji mingi zimechakaa, familia hubanana katika chumba kimoja, posho huchelewa, na askari wa cheo cha chini hana pa kulalamika. Tume na vikosi kazi vya Kenya vimeandika hali hiyohiyo. Hoja hii ina ukweli mkubwa, na kwa kweli inaunga mkono ninachosema, kwa maana nyumba na posho ni sehemu ya mahali pa kazi panapomfundisha askari. Ninapoachana nayo ni pale inapotumiwa kuahirisha mengine yote. Askari wa dawati wanaishi katika nyumba hizohizo na kulipwa kwa viwango hivyohivyo, na bado wengi wao huwahudumia waathirika kwa heshima. Dhiki hupunguza uwezo wa kuvumilia; haimlazimishi mtu kumtukana msichana aliyebakwa.

Mwaka 2023 Tume ya Haki Jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilimkabidhi Rais ripoti iliyotaka polisi wasukwe upya ili watoe huduma kwa raia. Nchi imerudi tena kwenye swali la 1971, safari hii ikiwa na uzoefu ambao wakati ule haukuwepo. Uzoefu huo unatuambia mafunzo ya utu yadaiwe kwa namna gani. Cheti cha semina kisihesabiwe kuwa mwisho wa kazi. Mafunzo yawe sharti la kupangwa kaunta, mahabusu, upelelezi na kikosi cha kutuliza ghasia, kama leseni ilivyo sharti la kuendesha gari. Aliyefunzwa asihamishwe ovyo. Kila kituo kiwe na chumba cha faragha kwa kila mlalamikaji anayekihitaji. Mahojiano ya mtuhumiwa yawe na shahidi au kinasa sauti. Na malalamiko dhidi ya askari yachunguzwe na chombo kisicho chini ya polisi, chenye uwezo wa kupeleka kesi mahakamani. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ipo tangu mwaka 2001, lakini nguvu yake kubwa ni kupendekeza, na mapendekezo hayawezi kushindana na amri ya mkuu wa operesheni.

Hayo yote yana gharama, na nchi yenye shule na zahanati za kujenga ina haki ya kuuliza kama inaweza kuyabeba. Jibu limo katika hesabu ambazo tumeshazilipa: tume zilizoundwa, fidia, kesi zilizoanguka kwa maelezo mabovu, watoto waliokaa kimya, vifo ambavyo hakuna anayeweza kuvirudisha. Zaidi ya vituo 400 vimeonyesha kwamba askari wa Kitanzania, akipewa mahali panapodai upole, anaweza kuwa mpole na bado akawa polisi hodari. Kinachotakiwa sasa ni kulitoa dawati katika chumba cha pembeni na kulifanya kuwa kanuni ya kituo kizima, kuanzia kaunta hadi mahabusu, na ya kikosi kizima kinapotoka kwenda kukutana na umati.